Kocha Aliyerudi na Sukari

Mpendwa Baba Mutua,

Jana nilikwenda kuposa bila wewe. Usishtuke, hakuna anayeoa. Yule kocha wa Mutua uliyezoea kumwita Mkwe alinipitia hapa Gaithersburg baada ya ibada, tukashuka naye mpaka Takoma Park kuwaomba watu kijana wao aje kucheza mpira chuoni kwake. Nakuandikia hadharani, na akina mama wengine wenye watoto wa mpira wakisoma ni sawa, maana nilichokisema huko kinawahusu. Ila nilitaka wewe ndiwe ukisikie.

Kwanza habari zangu. Niko tu. Tangu tukuzike sijalia, na watu wa kanisa wananiangalia kama sufuria iliyofunikwa, wanangoja ifurike. Kazini kule Rockville nawaogesha wazee, nawavisha, wakitania nacheka, na ndani hakuna kitu. Ni ile ganzi ya daktari wa meno, isipokuwa imeshika mwili mzima. Nakunywa chai sijui kama ni ya moto au imepoa. Dada yako Ndinda anasema nimepotea. Sijapotea, najua niliko, ila sisikii chochote.

Mpira wenyewe, huu wa Kimarekani wa kushikwa mikononi, hukuuelewa mpaka mwisho. Uliuita mchezo wa watu waliovaa masufuria kichwani, ukalalamika kwamba wanasimama zaidi kuliko wanavyocheza. Lakini Mutua alipokuwa mkubwa hata akawa hapiti mlangoni bila kuinama, na shule ikamweka mstari wa mbele, kazi yake kusimama katikati ya adui na mwenzake mwenye mpira, ulianza kwenda uwanjani na chupa ya chai. Hakuna anayemshangilia mtu wa mstari wa mbele. Wewe ulimshangilia. "Simama hapo, Mutua! Usitoke!" Watu waliokaa mbele yetu waligeuka kuangalia nani anagombana.

Kisha vyuo vikaanza kubisha hodi. Kocha wa kwanza alitoka jimbo la mbali, akaja kwa ndege, wa chuo chenye jina ambalo hata sisi tulilijua. Alikuwa na pete kubwa kidoleni na kijitabu chenye picha za uwanja wao. Wewe ukamkaribisha kama mtu aliyekuja kumposa Mutua. Ulimwita Mzee Kyalo wa kanisani, akaja na koti lake la harusi. Ukamwita na Ndinda. Mimi nikapika pilau na kuku. Yule bwana akakaa katikati ya kochi akihojiwa: wazazi wake ni akina nani, anasali wapi, mtoto akiugua huko kwao nani atampikia uji. Alijitahidi, maskini. Mwishoni akauliza kama anaweza kupata jibu kabla hajaondoka. Ulimtazama kama mtu aliyeomba kulala kitandani kwetu.

"Tumesikia," ulimwambia. "Tutakujibu."

Sisi sote pale sebuleni tulijua maana yake. Nyumba yenye heshima haitoi mtoto siku ya kwanza. Mgeni aende, arudi, aonyeshe kwamba anataka kweli. Yeye aliondoka akidhani amekataliwa, na muda si muda nafasi ya Mutua ikapewa kijana mwingine. Mutua alitununia wiki nzima. "Dad, the man flew here," alikuambia mezani. "You don't tell a guy like that to wait." Wewe ukaendelea na ugali wako, ukaniomba nikuongezee sukuma.

Halafu akaja huyu wa chuo cha hapa, mwendo mfupi tu ukishuka barabara ya 270. Mtu mwembamba, sauti imekauka kwa kupiga kelele. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na soksi yake moja ilikuwa na tundu, kidole gumba kikawa kinatuchungulia muda wote wa mazungumzo. Pilau ile ile, maswali yale yale, Mzee Kyalo na koti lile lile. Ulipompa jibu lile lile hakukunja uso. Alisimama, akamshika Mzee Kyalo mkono kwa mikono yake miwili, akauliza, "Nirudi lini?"

Alirudi Jumapili na mfuko mkubwa wa sukari na majani ya chai. Nilimuuliza nani kamfundisha. Akasema ameingia nyumba nyingi za huku, za Wakenya, za Wakongomani, za Wahabeshi, na katika ya kwanza aliambiwa atajibiwa, akaenda zake, akampoteza kijana mzuri sana. Tangu hapo hurudi. Wenzake wanapanda ndege kutafuta wachezaji, akasema, na yeye anaendesha gari tu. Kijana wa hapa akicheza kizembe Jumamosi, Jumapili atakutana na shangazi zake na hana pa kujificha, kwa hiyo hachezi kizembe. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukamwita Mkwe, na jina likamganda, hata wachezaji wakalichukua bila kujua maana yake.

Kesho yake, nikikupigia shati pasi, ndipo uliponiambia kilichokuwa chini ya yote hayo. Yule wa mbali hata angerudi akiburura ng'ombe usingempa mtoto. Mama yako alipofariki kule Machakos karatasi zetu zilikuwa hazijakamilika, ukienda usingeweza kurudi, na ulimzika kwa simu. Nilikuwa nimekaa ubavuni mwako. Uliishika ile simu kwa mikono miwili, picha inakatika, inarudi, inakatika, na walipoanza kutupa udongo ikaganda kabisa kwenye mgongo wa binamu yako. Uliendelea kuutazama ule mgongo.

"Mtoto wangu hatanizika kwa simu," uliniambia. Ukavaa shati, tukaenda kazini.

Ulipofariki timu nzima ilikuja nyumbani. Viatu vyao vilijaa ngazi zote mpaka chini, jirani akauliza kama tunauza. Wengi wao ni vijana wa huku huku, Silver Spring, Wheaton, Hyattsville, wamekulia kwenye matanga ya kwao, kwa hiyo hakuna aliyeuliza afanye nini. Walipanga viti, wakabeba maji, wakawasindikiza wazee hadi kwenye magari. Mmoja, mama yake Mkongomani, alileta sufuria la pondu, kile kisamvu cha kwao, na baadaye akaliosha mwenyewe. Kulikuwa na mmoja wa kutoka mbali, mpole sana, hakujua pa kusimama. Alikaa kwenye ngazi katikati ya viatu akampigia mama yake simu. Nilimpelekea sahani. Hayo yote niliyaona vizuri, Baba Mutua, na hakuna hata moja lililonigusa.

Sasa wakubwa wa chuo wanamsukuma Mkwe. Wanataka wachezaji wenye majina kutoka majimbo ya mbali, wanasema watoto wa jirani hawajazi uwanja. Yeye anang'ang'ana na wa hapa. Kuna kijana wa Kitanzania kule Takoma Park, Yusufu, ana mwili kama friji na miguu myepesi, na chuo kimoja cha mbali kinamtaka. Mkwe alishakwenda kwao mara moja, akaambiwa atajibiwa. Alikuwa anarudi na sukari yake, ila safari hii alitaka mshenga, mtu wa kumsemea kwa lugha ya wenyewe. Angekuomba wewe.

"Mama Mutua, ukikataa nitaelewa," aliniambia kwenye simu.

Mutua alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. "Mom, you don't have to go," akasema. Nikakubali. Kukataa kungehitaji nguvu zaidi.

Mama yake Yusufu anaitwa Bi Zuhura, mtu wa Tanga, anafanya kazi jikoni hospitalini. Baba Yusufu ni dereva wa basi, mtu wa maneno machache kama ninavyopenda. Walitupokea vizuri. Kocha alivua viatu, na safari hii soksi zilikuwa mpya, nikatamani ungekuwepo umtanie. Wakaleta vitumbua na chai, wakanipa pole ya msiba, nikasema asante kama ninavyowaambia watu wote.

"Dada yangu, mimi mpira siujui," Bi Zuhura alianza. "Ninachojua, huko wanakomtaka kuna jina kubwa. Mtoto akipita pale dunia nzima inamjua. Sasa hiki chuo chenu cha hapa jirani, cha kupanda basi la babake, faida yake nini hasa?"

"Mama, it's a good program," Yusufu alisema.

"Nyamaza, naongea na mwenzangu."

Mkwe hajui Kiswahili ila alijua nimeulizwa nini. Akanitazama. Njiani nilikuwa nimejipanga: nitasema habari za shangazi kwenye viti na chupa zao za chai, habari za walimu wanaopokea simu ya mzazi, habari za Mutua kuja kufua nguo kwangu na kuondoka na kuku wangu wa Jumapili. Yote ni kweli. Nikafungua mdomo, nikajisikia nasimulia ile Alhamisi.

Niliwaambia ulianguka kazini. Nikampigia Mutua, akiwa mazoezini, nikaenda hospitali. Aliingia na nguo za uwanjani, magoti yana nyasi, vidole vimefungwa plasta, na nyuma yake huyu kocha na filimbi shingoni, maana ndiye aliyemleta kwa gari. Nesi alitaka mtoto akanawe kwanza. Nilimwambia amwache. Ulikuwa macho bado. Ulimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, nikadhani utamkaripia kwa kuchafua sakafu ya watu.

"Umekula?" ulimuuliza.

"Bado, baba," alisema. Mtoto ambaye tangu darasa la kwanza hutujibu kwa Kiingereza.

Hukusema tena kitu. Alikaa pale amekushika mkono na plasta zake mpaka mwisho.

"Basi, dada, faida ndiyo hiyo," nilimwambia Bi Zuhura. "Nyingine kocha atakuambia. Mimi naijua hii moja. Mtoto alifika."

Yusufu aliinama akawa anakwaruza zulia kwa kidole cha mguu. Baba yake alivua kofia akaiweka gotini. Mimi nikachukua kikombe ili mikono yangu ipate kazi, nikapiga funda kubwa. Chai ya iliki, imetoka kuchemka sasa hivi. Iliniunguza midomo, ulimi, koo, hadi kifuani. Nilipiga kelele, Baba Mutua. Nilimwaga nusu kikombe kwenye gauni langu la kanisani na machozi yakanitoka, yakaendelea kutoka.

"Pole, dada, pole, ni ya moto mno," Bi Zuhura alisema, akakimbia kuleta maji. Walidhani ni chai. Ilikuwa chai, kwa kiasi.

Tulipoaga, Baba Yusufu alitusindikiza hadi kwenye gari. Alimshika Mkwe mkono, kisha akaniambia mimi, kwa sauti ya chini, "Tumesikia. Tutawajibu."

Ndani ya gari Mkwe hakuniuliza maana yake. Aliuliza kama Jumapili ijayo nina nafasi. Nikamwambia ninayo, na kwamba sukari aongeze na majani ya chai, kwa sababu kwa wakwe huendi na kitu kimoja. Kama watatupa kijana au hawatatupa, sijui. Bi Zuhura ana haki ya kutaka jina kubwa kwa mwanawe, na huenda ningekuwa yeye ningelitaka. Nimeshasema langu.

Leo asubuhi ulimi bado unauma. Sijakuambia hili ili ufurahi kwamba nimepona, maana sijapona. Nimeamka na ganzi kama kawaida, nimekaa mezani kama kawaida, nikitazama kiti chako. Hata hivyo nimejikuta nagusa ule ulimi kwenye meno, naurudia, unauma, naurudia tena. Mutua amepita kabla ya darasa kuchukua nguo zake. Dakika chache tu kutoka chuoni, na hata hivyo anaingia kama upepo, mlango haufungi. Alifika mpaka sebuleni na begi lake begani, akasimama, akanigeukia.

"Umekula?" akaniuliza. Hivyo hivyo, kwa Kiswahili.

Nikamwambia bado. Akaweka begi chini, akawasha jiko.

Pumzika. Kiti chako uwanjani nakiwekea mkoba wangu, asije mtu akakichukua.

Wako,
Mama Mutua