Mapipa Mawili ya Okinyi

Jumatatu, 8 Julai 2024
Okinyi, binamu ya mume wangu Okech, kavuka mpaka wa Sirari akitoka Kenya na mapipa mawili. Ndani unga mweusi, umelowa chapachapa. Kaboni yenye paladiamu, anasema. Kiwanda cha dawa kilikuwa kinautumia kuingiza hidrojeni kwenye kemikali zake. Sasa salfa imeuziba, umechoka, hawautaki. Ila paladiamu, metali ya bei kubwa, bado imo, ikitolewa inatumika tena. Okech macho yamemtoka!

Akiondoka, Okinyi kamshika mkono: "Omera, ndugu yangu, usiache ikauke. Hii kitu inajiwasha yenyewe."

Okech kacheka. Miaka yote anachoma kaboni iliyonasa dhahabu hapa Kerende — anaikausha kwanza, ndipo anachoma. Afundishwe kaboni na mtu wa Migori?

Mapipa yako stoo. Sijayapenda.

Jumatano, 10 Julai
Nilipangusa unga uliomwagika, kitambaa nikakianika kambani. Narudi — kina shimo, kingo zake nyekundu, zinajila taratibu. Na hakuna aliyepita! Nikamwonyesha Okech. Eti mtu katupa sigara. Nani? Kuku?

Alhamisi, 11 Julai
Nyangwine, mnunuzi, kaja na mzani. Hapimi maji, kasema. Jumapili anautaka mkavu. Nikayarudia maneno ya Okinyi mbele yake. Okech: "Mama Irine, nenda kapike."

Nimepika. Chumvi sikutia. Naogopa, na naona aibu kuogopa unga.

Jumamosi, 13 Julai
Niko Susuni, msibani kwa rafiki yangu Ghati. Asubuhi Okech kaniapia mapipa hayaguswi mpaka nirudi. Sasa ujumbe wake umeingia: maji kashamwaga, kaanika unga mle mle stoo maana nje watu wana macho, kajifungia aulinde, analala kidogo.

Analala!

Napiga. Inaita tu. Nimetoka bila kuaga. Naandika barabarani, pikipiki haijaja.

Irine kapiga kutoka nyumbani, analia. "Mama, baba hafungui. Mlango wa stoo ni wa moto, nimeugusa." Anauliza avunje?

Nikasema vunja. Halafu nikawaza hewa itakayoingia na kuuchochea moto, na mtoto amesimama pale pale mlangoni — nikapiga kelele, hapana, kaa mbali, ita majirani!

Simu ilikuwa imeshakatika. Sijui amesikia lipi.