Shemeji Anataka Kufuta "Shati la Baba"

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo. Naomba msaada wako, na unisamehe nikiandika mbiombio, maana mtoto yuko mgongoni na akishtuka tu, barua itakuwa imeishia hapo.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, tunamwita Kijiko kwa sababu halali mpaka ashike kijiko, shule niliishia njiani lakini kusoma na kuandika najua, na kushona nilijifunza kwa fundi wa jirani ambaye mpaka leo huniachia cherehani yake akienda kula. Kijiko alipozaliwa nguo zilikuwa hazimtoshi, nikachukua shati la baba yake lililochakaa kola nikalikata, likatoka gauni dogo zuri mpaka mawifi wakauliza nimelinunua duka gani, basi nikanogewa, nikakata la pili na la tatu, hadi siku moja mume wangu, ambaye ni fundi rangi, akasimama mbele ya kabati akaniuliza, "Mama Kijiko, mimi kesho naenda kazini na nini, maana naona mashati yangu yote yanatambaa sebuleni." Nikamwomba radhi huku nacheka, naye akasema kama najua sana kukata mashati ya watu, niwafundishe na wenzangu wakate ya waume zao, asiumie peke yake.

Aliongea kwa utani lakini mimi nikaona kweli, nikafungua tovuti kwa simu yangu hii hii nikaiita Shati la Baba, nikawa naandika kila nilichokishona, mkono wa shati unavyogeuka mguu wa kaptula, vifungo visivyotakiwa kukaa karibu na mdomo wa mtoto, nilipokosea na nilivyofumua. Mshauri, watu wakaja. Si wengi, lakini wanarudi na wanaandika chini. Kuna dada mmoja alikata suruali ya marehemu baba yake akamshonea mwanawe kizibao, akasema babu na mjukuu hawakuonana lakini leo wamekumbatiana, na mimi nilisoma yale nikiwa nasonga ugali nikaacha mwiko ndani ya sufuria.

Sasa nikaona tovuti za wenzangu zina matangazo ya biashara pembeni, nikaambiwa kuna kampuni ukikubaliwa wanayaweka wenyewe na wewe unapata chochote, nikawaza cherehani yangu mwenyewe, nisisubiri fundi ashikwe na njaa. Nikaomba. Wakaniletea msimbo, yaani yale maandishi ya kompyuta yaliyoshikana, wakasema niubandike kwenye kichwa cha tovuti. Kichwa cha tovuti yangu ni picha ya Kijiko amevaa lile gauni la kwanza, nikaubandika hapo juu vizuri kabisa, ukaonekana wote, mpaka wasomaji wakaniuliza hayo maandishi juu ya utosi wa mtoto ni kinga ya nini. Kampuni ikajibu kwamba msimbo wao hawauoni, nami nikashangaa, mbona mimi nauona.

Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, anatengeneza simu na kompyuta, kijana mzuri tu ila akianza kuongea hapumui. Akaangalia akacheka mpaka akakaa chini, akauweka msimbo mahali pengine ambapo sikupaona, lakini ule wa juu haukutolewa na mimi naogopa kuugusa. Kisha akasema, "Shem, hapa hukubaliwi kamwe, unaandika kama unamsuka mtu nywele. Kampuni inataka makala nyingi za kitaalamu, nani ana shida na habari za shati la kaka?" Akachukua makala kwenye tovuti kubwa za watu, akazipitisha kwenye mashine ya kutafsiri, akazijaza mle ndani. Nikazisoma. Moja inasema usisahau kuacha posho ya mshono, nikabaki najiuliza tangu lini mshono ukalipwa posho. Nyingine inasema tengeneza mishale miwili kwenye kifua cha mtoto. Msomaji akaniuliza, "Dada, nyumbani kwema?"

Tukaomba tena. Jibu likaja kwamba maudhui ya tovuti ni ya thamani ndogo. Mshauri, hilo neno lilinichoma, maana nguo zangu ni za matambara kweli, nikaona wamechungulia wakamwona mwanangu amevaa kuukuu wakasema hii ni thamani ndogo. Shemeji anasema ndicho alichokuwa anakisema, hadithi zangu ndizo zinazotia mkosi, na Jumapili anakuja kuzifuta zote zibaki za kitaalamu. Mume wangu anasema niamue mwenyewe, yeye anajua rangi tu. Nilikuwa nimeanza kueleza namna ya kugeuza kola, nimeiacha katikati, mkono umekuwa mzito. Shemeji simtakii ubaya na cherehani naitaka. Nimwache afute?

Ni mimi, Mama Kijiko

JIBU

Marahaba, Mama Kijiko. Usimwache.

Nimeingia Shati la Baba kabla ya kukujibu, nimesoma yako na nimesoma ya shemeji, na la mishale lilinifanya niite watu wa ofisini waje wasome. Mashine ilikusudia vile vikunjo vya kifuani vinavyoipa nguo umbo, Kiingereza huviita kwa jina la mishale. Na hiyo posho ni nafasi unayoacha pembeni ya mshono. Wewe hilo unalijua kuliko mashine, tena ulikwisha kulieleza kwa maneno yako, kwamba uache upana wa kidole ili mtoto akinenepa uufumue mshono. Sasa niambie, kati ya kidole chako na posho ya shemeji, mama mwenye mkasi mkononi atashika kipi?

Hapo kwenye "thamani ndogo" nakugombeza kidogo. Rudia kusoma barua yako mwenyewe. Mara ya kwanza ulipoomba, tovuti ilikuwa na maandishi yako matupu, na kampuni ililalamikia msimbo tu. Neno la thamani limekuja baada ya shemeji kumwaga makala zake. Hakuna aliyemchungulia mwanao akamdharau. Wakaguzi wanapima kama tovuti ina kitu ambacho hakipo kwingine, na zile makala zipo kwingine, tena zimeandikwa vizuri zaidi huko zilikotoka. Wewe umechukua tusi lisilo lako ukalivaa, na limekubana. Livue. Halafu jua kwamba kuchukua maandishi ya mtu bila ruhusa ni kuchukua cha mtu, hata kama mashine imeyabadilisha lugha. Hayo yatoke, kampuni iwepo isiwepo.

Kuhusu kichwa, pole, nimecheka na wewe, sijakucheka. Kichwa walichokisema si kile tunachokiona juu. Kila ukurasa una sehemu ya ndani ambayo msomaji haioni, kompyuta ndiyo inaisoma kwanza, nayo wameiita kichwa. Shemeji aliuweka msimbo huko, na amefanya sawa, mwache ukae. Ule ulioko juu ya utosi wa mtoto ufute leo, hautavunja kitu. Na ukiwa hapo, hiyo picha badilisha, weka gauni limeanikwa kwenye kamba. Dunia nzima inaweza kulifaidi gauni bila kuijua sura ya Kijiko.

Kisha tengeneza nyumba kabla ya kuita wageni. Una kurasa zimeandikwa "inakuja karibuni" na ndani hamna kitu, zijaze au ziondoe. Huna ukurasa unaosema wewe ni nani. Andika kwamba ni mama, ulifundishwa na fundi wa jirani na unashona akienda kula, vivyo hivyo, usijipake poda. Weka na mahali pa kukupata, na ukurasa wa faragha unaowaeleza wasomaji kwamba matangazo yanaweza kuhifadhi kumbukumbu kwenye simu zao. Magauni yakae pamoja, kaptula pamoja, mtu asitafute kofia kama anatafuta sindano iliyoanguka. Hakikisha pia kwamba kampuni hiyo inapokea tovuti za Kiswahili, maana nyingine hazipokei, na hapo ungebisha hodi mpaka vidole viote sugu. Ukimaliza yote, omba tena, kisha utulie. Usiombe kila asubuhi kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Siku wakikubali, na sioni kwa nini wasikubali, usiwaambie wasomaji wako wabonyeze matangazo ili wakusaidie. Najua moyo wako ulivyo, utatamani kuwaambia. Watakufukuza siku hiyo hiyo. Na usimuage fundi na cherehani yake mapema, tovuti ndogo huanza kwa kuingiza kidogo. Cherehani yako itakuja, lakini itakuja inatembea, haitakuja inakimbia.

Shemeji usigombane naye. Mkono wake ni mzuri, tatizo ni mdomo. Jumapili akifika mkaribishe chai, mwambie, "Shem, zile za mashine nimezitoa, zangu zinabaki, nakuomba unisaidie ukurasa wa faragha na kupanga vyumba vya tovuti." Atabisha. Mpe mtoto ambebe. Mtu hawezi kubisha sana huku anavutwa sikio na mtoto mwenye kijiko. Ila simu usimpe mpaka akubali.

Mwisho, na hili ni amri, malizia ile kola. Umesema tufumue mshono wa shingoni taratibu, tuigeuze upande uliochakaa uende ndani, halafu ukanyamaza. Mwanangu, binti yangu anajifungua mwezi ujao. Shati la mume wangu ninalotaka kumshonea mjukuu liko hapa mezani kwangu, kola iko huku na shingo iko kule, na mwenyewe anauliza lini litavaliwa tena. Nimemwambia swali hilo lina mama mmoja wa kulijibu, na anaandika huku mtoto yuko mgongoni.