Gari Linaloteremka Tu

Mama Sirili,

Ndizi ziko jikoni. Nimezimenya vibaya, usicheke. Ng'ombe nimemkatia majani.

Gari nimelisukuma peke yangu mpaka barabarani. Nitaliacha liserereke mteremko wote, kisha nitaomba lori linivute hadi Njoro kwa fundi Abasi. Nimempigia simu, anasema giaboksi itakula hela ya kahawa yetu ya msimu mzima. ~~Nitamwambia aitengeneze.~~ Hapana. Anipe ile pikapu yake kuukuu tubadilishane, iwe ya kubebea mizigo tu.

Lilipogoma asubuhi nilikufokea mbele ya watoto, eti mke wangu haendi misani kwa miguu. Ukajitanda kanga ukaondoka nao. Nikakusikia njiani unacheka na jirani yetu Bernadetha, kicheko ambacho ndani ya gari hukukitoa hata siku moja. Miaka miwili nimewatimulia watu vumbi. Leo hakuna aliyekuja kunisaidia kusukuma.

Jani la isale nililoweka juu ya karatasi hii ni la kukuomba radhi. Ukinisamehe, lichomeke mlangoni nilione nikirudi.

Na Jumapili ijayo mnisubiri. Nimesahau mnatembeaga upande gani wa njia.

Baba Sirili