Fundo ya Kikwembe ya Mama Mukwe

Kadutu, Bukavu

Maman yangu mupenzi,

Nakusalimia wewe, na magoti yako, na moshi ya jiko yako. Umeamka namna gani huko Luhwindja? Sisi tuko. Baraka ameanza kutembea. Anaenda mpaka kwenye kiti ya nyanya yake, ananyoosha mikono abebwe. Hakuna mutu, Maman, lakini yeye anacheka. Mimi natoka inje.

Tangu tumuzike mama mukwe, kila asubuhi namusikia: «Mama Baraka, maji iko?» Nageuka.

Sikukuambia yote. Unakumbuka ile unga ya moringa na kitunguu saumu yenye nilikutumia mu chupa? Kwanza nilimununulia yeye. Muuzaji wa sokoni alisema iko na antioxydants, inasafisha mishipa ya wazee wenye tension, wenye damu inapanda. Nikamuambia vile vile. Akafurahi: «Basi nipumzike! Ile vidonge ya tension inanikojoza, na choo yenu iko chini kabisa ya kilima. Munataka nianguke njiani, majirani wanione kikwembe juu?» Tukacheka mpaka machozi. Sikuuliza kama anataka kuviacha kweli.

Kisha akaanguka mu nyumba, mudomo umepinda. Hospitali siku tatu, akatuacha.

Matanga ilipoisha nikafua vikwembe vyake. Kwenye ncha ya kimoja kulikuwa fundo nguvu, nikaifungua na meno. Vidonge, Maman. Vyenye nilikuwa namupa kila asubuhi nikimuangalia. Alikuwa anakunywa maji tu.

Infirmière mwenye alimuhudumia pale hospitali aliniambia pole pole: «Unga si sumu, mutoto. Lakini haichukue nafasi ya vidonge. Na hata majani mutuambie kwanza, ingine inagombana na dawa.»

Sasa juzi kwa telefone ulisifu ile unga. Nikauliza vidonge yako ya tension, ukacheka: «Niko muzuri!» Ile kicheko naijua. Ndiyo sababu naandika.

Musalimie Papa, na tonton mwenye anachimba dhahabu, na dada yangu Nsimire mwenye anakusomea hii barua.

Nsimire, hapa acha kusoma kwanza. Maman afungue fundo ya kikwembe yake mbele yako. Kama vidonge viko, asivimeze vyote kwa mara moja. Kesho umupeleke kwa infirmière na ile chupa, wamupime.

Usikasirike, Maman. Chupa nilituma mimi. Pasaka namuleta Baraka. Akinyoosha mikono, nataka mutu amubebe.

Ni miye mutoto wako,
Mama Baraka