Nani Atamchimbia Mayu

Jumanne, 3 Februari

Mkutano wa kijiji. Nilikwenda kusikiliza tu, nikarudi nimejitia matatani. Mdomo wangu huu!

Mtendaji katangaza kwamba hela ya maafa ya ukame imefika, mahindi yamenunuliwa, mgao unaanza wiki hii. Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga — mahindi yetu yote yamekauka yakiwa usawa wa magoti. Kisha kataja kampuni iliyopewa kazi ya kuyaleta. Lori lake limeegeshwa pale pale, la bluu, mlango mmoja umebonyea. Nani asiyelijua? Ndilo lililotubeba kwenye kampeni za Mheshimiwa Constantine, diwani wetu. Tulikuwemo ndani likigonga geti la mnadani, tunaimba tu.

Nikanyoosha mkono. Naomba tusomewe, nikasema. Kampuni hii ni ya nani, imelipwa nini kwenye hela ya maafa, na nani mwingine aliomba hiyo kazi. Basi. Sikumtukana mtu. Mheshimiwa alikuwa meza kuu. Katabasamu, kasema dada yetu Violeth ameuliza swali zuri, litajibiwa.

Masunga hakula. Kaniuliza kama sikuona kwamba wanaume walikuwepo. Mume wangu ni mpole, akiuliza hivyo ujue ameumia. Lakini mayu, mama yake, kacheka kitandani mpaka kakohoa. Kasema nimeuliza kile ambacho kila mtu alikuwa nacho tumboni.

Ijumaa, 6 Februari

Jibu limekuja. Lori limeondoka na mahindi yake.

Mwenyekiti wa kijiji anapita nyumba kwa nyumba. Mgao umesimama kwa sababu kuna malalamiko, usubiriwe uchunguzi. Uchunguzi wa nani, wa lini, hasemi. Malalamiko ya nani — hapo anatamka vizuri kabisa, hadi jina la baba yangu.

Jumapili, 8 Februari

Kanisani Sayi kahama benchi. Tumeimba wote sauti ya pili tangu tukiwa wasichana. Nikamfuata baada ya ibada. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Kasema watoto wake wanakunywa uji wa pumba, na kama swali langu linapikika nimpe akapike.

Nimerudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumatano, 11 Februari

Wanaume wamekaa dagashida, baraza letu la kimila. Masunga kaitwa. Mimi sikuitwa, ingawa kesi ni yangu. Kaniletea hukumu kama mtu aliyetumwa chumvi dukani: tutoe mchenya, yaani faini, wa dume la ng'ombe, walichinje wale, halafu nisimame mbele ya watu niseme swali langu nimelifuta. La sivyo tunatengwa. Hakuna wa kutusalimia, hakuna wa kutupa moto, hakuna wa kukanyaga msiba wetu.

Nikasema dume litolewe leo leo, watu wana njaa. Swali silifuti. Masunga kanitazama weee. Kasema dume bila maneno hawalichukui.

Kinachoniuma ni hiki. Dagashida ni yetu wenyewe. Iliwekwa kwa wezi wa ng'ombe, na kwa wale wachoyo wasiokwenda kuzika wenzao. Leo inamlinda mwenye lori, na yeye mwenyewe hata kuja kukaa pale hakuja.

Jumatatu, 16 Februari

Kisimani. Nimesema mwangaluka. Wanawake wote wameinamia ndoo zao.

Sikujua salamu isiyoitikiwa inauma hivi. Nimejitwisha maji nikaondoka. Nimelia njiani, ndoo kichwani, siwezi hata kufuta macho.

Alhamisi, 19 Februari

Mayu kazidiwa. Bodaboda wa hapa hawatubebi, kila mmoja ana safari. Masunga kampakia mama yake kwenye baiskeli, tukamfunga kwa kanga zangu, tukasukuma hadi barabara kubwa. Hapo tukapata gari la Bariadi. Daktari kasema ni moyo, na umri. Katupa vidonge, kasema tukae naye nyumbani.

Jioni mayu kauliza mbona watu hawaji kumwona. Hatukuwa tumemwambia. Masunga kasema wako mashambani, wanarudishia mbegu.

Mayu kauliza, kwa mvua ipi?

Masunga kainamia vidonge kuvihesabu, mimi nikanyoosha shuka. Kaelewa. Kageukia ukutani, kasema basi atazikwa na sisi wawili. Na huyu ndiye mama ambaye hakuna msiba kijiji hiki aliukosa. Alikuwa anakwenda na chungu chake na maji yake, wa kwanza kufika, wa mwisho kuondoka. Nani hapa hajazikiwa na mayu?

Nikapiga magoti nikamuuliza: mayu, niseme nimefuta? Kafumba macho. Sijui kama alikuwa amelala.

Jumatatu, 23 Februari

Mayu ametuacha alfajiri. Nilikuwa nimemshika mkono.

Masunga kazunguka kugonga milango. Watu wako ndani, moshi unatoka, hakuna aliyefungua. Karudi, kachukua jembe, kaanza kuchimba mwenyewe kando ya kaburi la baba yake. Ardhi imekauka, jembe linaruka. Nimekwenda kumsaidia, kanikataza. Viganja vyake vinatoka damu. Hasemi kwamba ni kwa ajili yangu. Angesema tu, Mungu wangu.

Jumanne, 24 Februari

Wamekuja!

Asubuhi hii, wote. Wanaume wamesimama ukingoni mwa uwanja wetu, majembe mabegani. Wanawake na masufuria. Moyo wangu ulitaka kuruka. Kisha nikaona lori la bluu linaingia nyuma yao.

Rambirambi za Mheshimiwa. Magunia ya mahindi yameshushwa mlangoni kwetu. Kila gunia limeandikwa kwa herufi kubwa: MSAADA WA MAAFA, HAUUZWI. Niliomba tusomewe, haya, nimejisomea.

Sayi ndiye wa kwanza kufungua. Nikamtazama. Kasema, Vio, watoto. Mahindi yamebandikwa mazima mazima, hakuna wa kusubiri mashine. Watoto wanacheka huko jikoni. Sijasikia watoto wakicheka hapa muda mrefu.

Mheshimiwa kaja mwenyewe. Kanishika mikono yote miwili, kasema pole sana dada yangu, mama huyu alikuwa mama yetu sote. Hakutaja swali. Hakuna anayelitaja. Mwenyekiti katangaza tu ratiba: kwanza mkwe wa marehemu atatoa neno la shukrani kwa Mheshimiwa kwa msaada wake binafsi, halafu wanaume waendelee na kaburi.

Msaada wake binafsi.

Nimeingia ndani nikasema nachukua kanga. Niko na mayu, naandika nimeegemea kitanda chake. Kafunikwa shuka ile ya maua aliyoipenda. Dirishani namwona Masunga amesimama ndani ya shimo, limemfika kiunoni tu. Ananitazama. Hanipungii, hatikisi kichwa, hasemi fanya hivi wala vile. Harufu ya mahindi imejaa humu ndani, na mimi nina njaa, ndiyo, hata mimi.

Wananiita mara ya pili. Majembe bado yako mabegani.