Boksi la Watu Wawili

Mama,

Hujawahi kupata barua kutoka kwangu tangu zile za kuomba pesa ya matumizi nikiwa bweni, na hata hizo ulisema mwandiko ni wa kuku. Leo ni Jumapili asubuhi. Nimekaa kwenye kiti chako cha dirishani kwa sababu ndipo jua linapofika. Nina habari ya kukupa na kosa la kukiri, na nitaanza na habari kwa sababu mimi ni mwoga, unanijua.

Siku hizi naletewa chakula kwa boksi. Ngoja kwanza, usianze kufoka. Hakijapikwa, bado nasimama jikoni mwenyewe. Ni kampuni fulani, unajiandikisha kwa simu na kulipia mwezi mzima, halafu kila Jumanne na Ijumaa jamaa wa pikipiki anafika hapa Mugutha, anapiga honi getini, anasema, "Boss, mzigo," na kwenda zake. Ndani kila kitu kimepimwa. Karoti zimekatwa, vitunguu vimemenywa, binzari imo kwenye kipakiti kidogo, na kuna kadi ya picha inayokuonyesha hata jinsi ya kukoroga. Mtu mzima, mwalimu wa udereva, naonyeshwa kukoroga.

Nilipomwambia Bwana Jaspal, mwenye shule yetu pale Thika, alicheka hadi akashika meza. Unakumbuka jinsi alivyokusalimia kwa Kikuyu kizuri kuliko changu, ukaniuliza kama nina haya. Akasema, "Ngai! Kamau, unalipa mtu akukatie karoti? Na Ruiru yote imejaa mboga?" Sasa kila nikiingia ofisini ananiuliza karoti zimeamkaje.

Ana haki ya kucheka. Kwa bei ya boksi moja wewe ungetoka sokoni kiondo kikiwa kimejaa na bado ungebaki na pesa ya maziwa. Na hicho chakula hakishibishi. Wali ni wa kujaza viganja viwili, na sijaona kiazi hata kimoja tangu nijiandikishe. Lakini sitasema uongo, boksi lina mema yake. Baada ya kukuzika niliendelea kununua kama tuko wengi ndani. Spinachi zikaoza kwenye friji. Nilipika githeri, mahindi na maharagwe, kwenye sufuria kubwa, ile ile uliyonifundishia, kwa sababu sijui kupika kidogo. Ulinizoesha kupika na ya mgeni ndani, hodi isije ikatukuta mikono mitupu. Nilikula githeri hiyo siku nne, siku ya tano nikaimwaga, na hakuna mtu aliyekuwa amebisha hodi. Boksi halina cha kumwaga. Na nimejua kupika samaki wa nazi, Mama. Ungemla huku unalalamika.

Tatizo ni kwamba boksi dogo kabisa ni la watu wawili. La mtu mmoja hawana. Nilitafuta kwenye simu mpaka macho yakauma, nikampigia dada wao wa huduma, akaniambia kwa upole kwamba wengi huwa wawili. Kwa hivyo nakula sehemu yangu jioni, na ile nyingine naila asubuhi nikiwa nimesimama, kabla ya kwenda Thika.

Sasa wameniambia nikilipia miezi mitatu kwa mpigo watanipunguzia, na jibu wanalitaka leo. Wiki yote nimekuwa nikipima kama inafaa. Nilikuwa nikipima hata nikiwa ndani ya gari na mwanafunzi, mpaka Alhamisi mmoja akapanda na sisi juu ya ukingo wa barabara na mimi sikukanyaga breki yangu ya mwalimu. Hapo ndipo nilijua kwamba si bei ninayopima. Sasa nikiri.

Jumamosi ya kwanza baada ya mazishi nilibeba kiondo chako cha bluu nikaenda sokoni Ruiru, kwa Mama Shiru wako wa mboga. Hakuwa amesikia. Yeye ni wa soko na sisi ni wa Mugutha, kanisa si moja, na nambari yako hakuwa nayo kwa sababu ulikuwa unalipa kwa noti na kupiga porojo papo hapo. Mara ya mwisho alikuona ukikohoa na kutembelea mkongojo. Akaniuliza, "Na mama ako wapi leo?"

Nikafungua mdomo niseme. Mama, nilikuwa nimeshawaambia watu wengi: daktari wa kibali cha kuzika, chifu, benki, watu wa tenti. Maneno yalikuwa yamekwisha. Nikasikia sauti yangu ikisema, "Ako nyumbani. Anakusalimia."

Unajua salamu kwetu huwa hazipiti bure. Mama Shiru akaokota matunda sita ya pasheni akaweka juu ya viazi. "Mpelekee. Mwambie asinisahau." Nikayabeba. Yalikaa juu ya friji mpaka yakanyauka, sikuweza kuyala wala kuyatupa.

Jumamosi ya pili akauliza unaendeleaje, nikasema unaendelea vizuri. Na nitakwambia ukweli wa aibu: nilifurahi kusema hivyo. Kwa muda wa kupima nyanya kilo moja, kulikuwa na mtu mmoja duniani ambaye kwake ulikuwa hai, uko nyumbani, unanisubiri nilete mboga. Nilitembea kurudi nikiwa na haraka. Nilifika mlangoni ndipo nikakumbuka.

Jumamosi ya tatu alikuwa amekuwekea mboga ya managu, ati ya kuongeza damu, akakataa pesa. Halafu akasema, "Nielekeze kwenu. Jumapili nikifunga mapema nakuja kumuona." Nikamwambia nitampigia. Sikuwa na nambari yake wala sikuiomba. Jumatatu nikajiandikisha kwa watu wa boksi.

Basi hiyo ndiyo bei yenyewe. Nilikuwa nalipa kila mwezi ili mtu yeyote asiniulize uko wapi. Jamaa wa pikipiki haulizi. Kadi haiulizi. Na kwa miezi minne hakuna aliyeniuliza, na nimeishi ndani ya nyumba hii nikisikia friji ikinguruma, Mama, na nimekuwa mpweke mpaka najibu redio.

Jana nilienda.

Mama Shiru aliniona kutoka mbali akainua mikono. "Wui! Kamau! Mlihamia wapi? Nilidhani mmenikasirikia!" Nikamwambia hapo hapo, kabla hajaniuliza, nisije nikapata nafasi ya kutoroka. "Mama Shiru, mama alituacha. Mwezi wa tatu."

Niliona anarudi nyuma kwa mawazo, anapanga Jumamosi zake moja moja. Akasema, "Mwezi wa tatu. Sasa zile pasheni nilimtumia nani?"

Nilidhani atalia, nami nilikuwa nimejitayarisha kwa kilio. Alikasirika. Akaweka kisu chini. "Kamau, kila Jumatano kwa maombi ya wamama wa soko mimi nasimama namtaja jina. Apone. Wamama kumi tumefunga macho, apone, apone. Tumechanga sukari na unga tumletee, shida ilikuwa tu hatujui kwenu. Kumbe tunamuombea mtu ako chini ya udongo!" Watu wa meza ya pili wakageuka. Kisha sauti ikamshuka, na hiyo ndiyo iliyonivunja. "Wewe ulizika mama yako. Mimi rafiki yangu amezikwa na sikuambiwa. Miaka kumi na moja. Ningekuja hata kwa miguu."

Nilisema nisamehe. Nilisema mara nyingi. Mama, niliona aibu kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu. Nilikuwa nimeufanya msiba wako kuwa mali yangu, nikaufungia ndani pamoja nami, na kumbe kulikuwa na mtu sokoni ambaye sehemu yake nilikuwa nimeikalia.

Hakunifukuza. Alinisukumia kreti nikae, akanipa karai la minji, njegere mbichi, nitoe kwenye maganda, kwa sababu kwake hakuna anayekaa bure. Na kila mteja aliyefika alimwambia, "Unamkumbuka yule mama wa kiondo cha bluu, wa kukataa nyanya mpaka ya mwisho? Alituacha. Huyu ndiye kijana wake." Nao wakasema pole, wakaniuliza uliugua nini, uliteseka, nilikuwa pamoja nawe. Swali lile nililolikimbia miezi minne niliulizwa labda mara ishirini kabla ya saa sita. Nilijibu yote. Yalikuwa mapafu, hukuteseka sana, ndiyo, nilikuwa nimekushika mkono. Kufikia mteja wa mwisho nilikuwa nazungumza bila kutazama chini.

Akaniigizia ulivyokuwa ukibishana bei, mkono kiunoni, unaondoka hatua tatu halafu unarudi kama umesahau kitu. Sikujua kwamba ulikuwa unaondoka hatua tatu. Nilicheka, kisha nikalia juu ya minji yake, akaniambia nisiwatilie watu chumvi.

Nyumba ilikuwa kimya vilevile niliporudi. Sitakudanganya kwamba jambo hilo limeisha. Lakini leo asubuhi nimewajibu watu wa boksi kwamba sitaendelea. Wakaniuliza sababu, wakaniwekea nichague: bei, ladha, au nimehama. Sikuipata yangu pale. Nikachagua "sababu nyingine" na kuzima simu.

Jumapili ijayo Mama Shiru na wale wamama wa maombi watafunga meza zao mapema. Bwana Jaspal amenipa gari kubwa la shule bila kuuliza lolote kuhusu karoti, na mimi ndiye nitakayeendesha mpaka Gatanga, tulikokuzika. Nitawaonyesha ulipo, nisimame kando, niwaache wakulilie wao pia, kwa muda wanaotaka. Pumzika, Mama. Nakuahidi kwamba kuanzia sasa, mtu akiniuliza uko wapi, nitamwambia.

Mwanao,
Kamau