Mota kwenye Cherehani ya Baba

Dada yangu Kageha,

Kwa heshima zote natangaza kwamba miguu yangu imestaafu kazi. Haikupewa zawadi, na hotuba hakuna aliyeitoa.

Lakini kwanza, mwaamkaje huko? Goti la Mama limepoa, au bado linatabiri mvua? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio umechomwa.

Unamjua Agoi, mtoto wa jirani, aliyekuwa akila kwa Mama kuliko sisi. Tunashona pamoja hapa Nakuru, kwenye veranda ya Babuji, mzee wa Kihindi mwenye duka la vitambaa. Mteja hununua ndani, sisi twashona nje, na nafasi hatulipii. Basi akaja mwalimu kutoka Dundori: shule mpya ya harambee, sare za watoto wote, na kazi atapewa fundi mwenye mwendo. Nikajiona tayari nina chumba changu cha kushonea, nimehama verandani.

Agoi akanicheka. "Watu wameshafika mwezini, ndugu, wewe bado unakanyaga? Tia mota!"

Nikatia. Cherehani ya marehemu Baba, ile ile iliyotusomesha, ikavutiwa waya wa stima kupitia dirisha la Babuji. Dada, ilikimbia kama imeona chui! Mwalimu alitazama mshono mmoja tu, akasema kazi ni yangu. Agoi akapiga makofi, kisha akaomba lile gurudumu la chini na kikanyagio chake. "Kwako si ni takataka sasa?" Nikambebea mwenyewe hadi kwake.

Wiki haikuisha, nikakuta dirisha limefungwa.

"Fundi," Babuji akasema, "Agoi ananiambia mota yako inatoa cheche. Vitambaa vyangu vikiungua, utanishonea duka lingine?"

Bila stima, mota ni jiwe. Mwalimu akapita, akakuta cherehani yangu imelala, akampa Agoi kazi. Nikaenda kwa Agoi kudai gurudumu. Nikamkuta shemeji yake, aliyefika juzi kutoka huko nyumbani, ameketi kwenye cherehani ya pili iliyofungwa gurudumu langu, anakanyaga kikanyagio, sare za kijani zimemjaa mapajani.

"Agoi, hicho kikanyagio ni cha Baba."

"Baba yako alikuwa mtu wa kutoa," akajibu bila kuinua macho. "Na mtu akishapanda gari, hashuki kudai baiskeli."

Shemeji yake alicheka mpaka akavunja sindano. Angalau hiyo.

Siku hizi natia vifungo kwa mkono. Nisalimie mume wako, umwambie shati lake litachelewa. Nisalimie Shangazi muuza vyungu, na Mama umshike mkono kwa niaba yangu. Hata mama yake Agoi msalimie. Usimweleze kitu, yeye hakunikosea.

Ni mimi mdogo wako,
Asava

N.B. Jumapili nilipanda Dundori kumsihi mwalimu. Alinionyesha shule. Ni msingi tu. Hakuna mtoto aliyeandikishwa, na sare anazoshona Agoi sijui atamvika nani.